Taa ya O/D na lita 41: uchambuzi wa kisa cha Corolla moja ya Kibamba

Shemeji yangu anaishi Kibamba na anafanya kazi Posta. Kila siku ya kazi, Jumamosi ikiwemo, huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, hushika Barabara ya Morogoro kupitia Mbezi Mwisho, Kimara, Ubungo, Magomeni na Jangwani hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam, na jioni hurudi kwa njia ile ile. Ukijumlisha na mizunguko midogo ya sokoni na shuleni, gari lake hutembea takriban kilomita 1,500 kwa mwezi. Ni Toyota Corolla ya toleo ambalo hapa kwetu huitwa 110, yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,498 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Ni gari la zamani lakini limetunzwa, na mwenyewe hulipenda.

Siku moja aliniambia, "Shemeji, nimechoka. Hili gari linakula mafuta mpaka naona heri nipande mwendokasi. Nimeamua niliwekee gesi." Nilimwomba asubiri miezi mitatu kabla ya kutoa fedha hiyo. Sina neno baya juu ya gesi asilia, na magari mengi ya Dar es Salaam yamebadilishwa kwa faida. Lakini mimi ni fundi wa magari kwa mafunzo, na ninajua kwamba gari lenye ugonjwa wa kula petroli litakula na gesi vilevile. Nilitaka kwanza tujue mafuta yanakwenda wapi.

Kilichonivutia katika kisa hiki ni kwamba shemeji si dereva mzembe. Kwa miaka kadhaa amekuwa akikusanya ushauri wa kubana mafuta, na karibu wote ulihusu mkono wa gia. Nilipokaa naye kiti cha mbele asubuhi moja, niliona mkono ule haukupumzika. Alipotoka tu getini alibonyeza kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu, ambayo kwa gari hili ni ya nne) kilicho ubavuni mwa mkono wa gia, taa ya rangi ya machungwa ikawaka kwenye dashibodi, naye akasema, "Nimeshawasha OD, hapo sasa ndipo linapobana mafuta." Alipofika Kimara na kuanza kuteremka kuelekea Ubungo, aliweka fri, yaani N, akaliacha gari lishuke lenyewe. Kwenye foleni ya Magomeni aliweka 2, kwa maelezo kwamba gia ndogo ni nyepesi na gia nyepesi haili mafuta. Na kila gari liliposimama, hata kwa sekunde tano, alirudisha N.

Nilitazama ile taa vizuri. Maneno yaliyoandikwa ndani yake yalikuwa "O/D OFF". Taa hiyo huwaka pale gia ya juu inapokuwa imezimwa, na taa ikiwa haionekani ndiyo gia ya juu ipo kazini. Shemeji alikuwa amesoma kuwaka kwa taa kama kuwaka kwa gia, na kwa miaka hiyo yote gari lake la gia nne lilikuwa linatembea kwa gia tatu. Simlaumu, kwa sababu nimewaona madereva wengi wa jiji hili wakiamini hivyo hivyo, na wengine wameambiwa na mafundi kwamba O/D ni ya safari za mikoani tu na kwamba mjini ni lazima izimwe.

Tulikubaliana kupima kabla ya kubadili chochote. Kipimo kilikuwa cha kawaida: kujaza tenki kwenye sheli ile ile na pampu ile ile mpaka pampu ijikate yenyewe, kuandika kilomita zilizotembea tangu ujazo uliopita, na kugawanya kwa lita zilizoingia. Tulianza kwa kuweka upepo wa tairi sawa na maelekezo yaliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu tairi mbili zilikuwa laini na sikutaka faida ya upepo ije ihesabiwe kuwa ni faida ya gia. Kiyoyozi kilibaki kama alivyozoea. Kwa kila hatua tulipima ujazo kadhaa, maana ujazo mmoja hausemi kitu katika jiji ambalo mvua moja ya Jangwani huweza kugeuza safari ya saa moja kuwa ya saa tatu. Na kweli, wiki moja maji yalipojaa pale, tuliutoa ujazo ule kwenye hesabu. Wastani wa kuanzia, pamoja na tabia zake zote, ulikuwa kilomita 8.4 kwa lita.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuizima ile taa na kuacha mambo mengine yote jinsi yalivyokuwa. Katika kipande cha barabara pana kati ya Kibamba na Kimara, kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, mita ya mizunguko ilionyesha karibu 2,450 kwa dakika taa ikiwaka, na karibu 1,700 taa ikiwa imezimika. Mwendo ni ule ule na mzigo ni ule ule, lakini taa ikiwaka injini inazunguka karibu mara moja na nusu ya mizunguko inayohitajika, bila sababu. Injini ya petroli inayozunguka haraka huku ikiwa imebanwa pumzi, kwa kuwa dereva amekanyaga kidogo tu, hutumia sehemu kubwa ya mafuta kujizungusha yenyewe na kuvuta hewa kupitia tundu jembamba. Ukiipa gia ya juu inazunguka taratibu, koo, yaani lile tundu la hewa, linafunguka zaidi, na kazi ile ile inafanyika kwa upotevu mdogo.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna toki konvata, ambayo kazi yake inafanana na feni mbili zilizoelekezana ndani ya oili. Feni moja inazungushwa na injini, oili inarushwa, na feni ya pili inazungushwa na oili hiyo. Feni ya pili daima hubaki nyuma kidogo ya ile ya kwanza, na kule kubaki nyuma ndiko mafuta yanakogeuka kuwa joto la oili. Watengenezaji waliliona tatizo hili, wakaweka ndani yake klachi ndogo inayozifunga feni hizo mbili pamoja gari linapokuwa na mwendo wa kutulia. Katika magari ya umri huu klachi hiyo hufanya kazi zaidi kwenye gia ya juu. Kwa hiyo anayezima O/D hupoteza gia ya nne na mara nyingi hupoteza pia ule mfungo wa toki konvata. Ningependa kila fundi anayemwambia mteja azime O/D mjini alitafakari hilo kabla ya kusema.

Wastani ulipanda hadi kilomita 9.3 kwa lita. Shemeji alifurahi sana, lakini mimi sikuridhika, kwa kuwa kipande cha asubuhi hakina foleni na nilitarajia faida kubwa zaidi ya hiyo. Nikaomba kupanda naye tena.

Safari hii nilikaa macho yangu yakiwa kwenye mita mbili, ya mizunguko na ya joto la injini. Taa ya O/D ilikuwa imezimika kama inavyotakiwa, tulikuwa tunatembea kilomita 65 hadi 70 kwa saa, lakini gia ya nne haikuingia. Tulipita Mbezi Mwisho haijaingia. Iliingia karibu na Kimara, yaani pale ambapo barabara nyeupe inakaribia kwisha na foleni inaanza. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa kwa muda wote huo, ukaanza kupanda magari yaliposongamana. Nilimuuliza kama injini iliwahi kuchemka. Akasema ndiyo, miaka miwili iliyopita, na fundi wa gereji moja aliitoa thamostati akamwambia kwamba kwa joto la Dar es Salaam kifaa hicho hakina kazi, ni cha nchi za baridi.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na nitakieleza bila haraka, kwa sababu thamostati zinazotolewa na kutupwa katika gereji zetu ni nyingi mno. Thamostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa ya baridi mlango hufungwa, maji huzunguka ndani tu na injini hupata joto haraka. Joto likifika kiwango kilichowekwa, ambacho kwa injini nyingi za Toyota za aina hii ni nyuzi 82 hivi za Selsiasi, mlango hufunguka na maji huenda kwenye rejeta. Ukiutoa mlango huo, maji hupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Joto la Dar es Salaam ni nyuzi 30 na kitu, na kwetu sisi hilo ni joto kali, lakini kwa injini inayotaka kufanya kazi karibu na nyuzi 90 hiyo ni baridi. Gari likiwa kwenye mwendo alfajiri, upepo unaopiga rejeta huipoza injini kupita kiasi.

Injini iliyopozwa kupita kiasi hula mafuta kwa njia mbili. Kompyuta yake hudhani kwamba gari limewashwa muda huo huo, ikaendelea kuongeza petroli kwenye mchanganyiko. Kisha mfumo wa giaboksi, ambao nao husikiliza joto la maji, huizuia gia ya nne na ule mfungo wa toki konvata mpaka injini ipate joto la kutosha. Zuio hilo limewekwa kwa makusudi ili injini ya baridi isilazimishwe kuvuta gia nzito. Shemeji alikuwa anaacha gia ya nne iruhusiwe, nayo ikakataliwa na maji ya baridi katika kipande kile kile ambacho ndicho pekee angeweza kuitumia. Jioni, kwenye foleni, injini ilipata joto bila shida, na ndiyo maana kila alipolipeleka gereji na kulisimamisha likinguruma uwanjani hakuna fundi aliyeona kasoro.

Tulifunga thamostati mpya. Sikukubali kuifunga peke yake, kwa sababu lazima kulikuwa na chanzo cha ile injini kuchemka hapo awali, na kuirudisha bila kukitafuta kungeweza kuichemsha tena. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu, matokeo ya miaka ya kujazwa maji ya bomba. Ikasafishwa, kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ikawekwa, na feni ikahakikiwa kwamba inawaka yenyewe wakati unaofaa. Kebo inayounganisha pedeli ya mafuta na giaboksi niliikagua pia, kwa kuwa ikikazwa kupita kiasi hufanya gia zote zichelewe kupanda, lakini hii ilikuwa sawa. Kiwango cha oili ya giaboksi kilikuwa sawa, na rangi yake haikuwa mbaya.

Asubuhi iliyofuata mshale wa joto ulipanda ndani ya kilomita chache, ukasimama chini kidogo ya katikati, na gia ya nne iliingia kabla ya Mbezi Mwisho. Wastani wa ujazo uliofuata ulikuwa kilomita 10.3 kwa lita. Hakuna tabia yoyote ya mkono wa gia ambayo ingeweza kumpa shemeji faida hiyo.

Tabia ya kuweka fri kwenye mteremko wa Kimara ilituletea mabishano marefu, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema gari likiwa N injini hunguruma kwa mizunguko michache tu, ilhali likiwa D, yaani gia ya kuendeshea, mita huonyesha mizunguko mingi zaidi, kwa hiyo D lazima ile zaidi. Hoja hiyo ingesimama kwa gari la kabureta. Injini hii ina nozeli za kunyunyiza petroli zinazoendeshwa na kompyuta, na dereva akiinua mguu kabisa wakati magurudumu yanaizungusha injini, kompyuta hufunga nozeli na petroli haiingii hata tone mpaka mizunguko ishuke karibu na ya kusimama. Katika N magurudumu hayaigusi injini, kwa hiyo lazima ilishwe petroli ili isizimike. Ukiwa makini unaweza kuhisi jambo hilo kwenye kiti: gari likiwa D mteremkoni bila mguu, mizunguko ikishuka hadi kiwango fulani, unasikia kama msukumo mdogo wa mbele, na hapo ndipo nozeli zimeanza kunyunyiza tena.

Hata hivyo nataka kuwa mkweli kuhusu kipimo. Kwa ujazo wa mara tatu baada ya yeye kuacha kuweka fri, sikuona tofauti ambayo ningeweza kuiapia. Giaboksi ya gia nne huachia mizunguko ishuke haraka, hivyo muda wa nozeli kufungwa si mrefu. Na kwa upande mwingine gari lililo N huteleza mbali zaidi kwa kuwa halishikwi na injini. Lakini mteremko wa Kimara una magari mbele na kivuko cha watembea kwa miguu kila baada ya hatua chache, kwa hiyo mwendo ule anaoupata kwa N anaumalizia kwenye breki. Alikuwa anazichosha breki, anapoteza uwezo wa injini kulishika gari, na anairudisha D kwa mwendo huku klachi za ndani zikilazimishwa kushika kwa ghafla, yote hayo bila faida inayoonekana kwenye tenki. Zaidi ya hapo, pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikinguruma taratibu wakati magurudumu yanakimbia, oili inayofika ndani ni kidogo. Kwa maoni yangu hatari hiyo pekee inatosha kumfanya mtu aache.

Kuhusu kuweka 2 kwenye foleni sina mengi. Kwa mwendo wa kilomita 15 giaboksi iliyo D huwa kwenye gia ya kwanza au ya pili yenyewe, kwa hiyo 2 haiongezi kitu; foleni ikifunguka na dereva akasahau, gari linafika kilomita 45 likiwa linalia kwenye gia ya pili. Shemeji alikiri kwamba husahau mara nyingi.

Kuweka N wakati wa kusimama ndiyo tabia pekee kati ya zote ambayo niliitetea, kwa masharti. Gari lililosimama kwenye D huku breki imekanyagwa linaendelea kuusukuma ule mzigo wa oili katika toki konvata, na injini hulishwa kidogo zaidi kuliko ikiwa N. Kusimama kwa sekunde tano hakustahili kuhangaisha klachi, lakini makutano yanapoongozwa na askari wa trafiki, upande mmoja huweza kushikiliwa kwa dakika kadhaa, na hapo N pamoja na hendibreki ni sahihi. Kuzima injini kabisa kungebana zaidi, na kwa gari lenye betri na stata nzuri ningemshauri azime pale anapoona kwa uhakika kwamba zamu yake iko mbali. Yake ni ya zamani, tukaishia kwenye N.

Kilichobaki ni mguu. Giaboksi hii huamua kupanda gia kwa kulinganisha mwendo wa gari na kiasi cha kukanyaga: ukikanyaga sana inangoja, ukikanyaga kidogo inapanda mapema. Nilimfundisha kuondoka kwa wastani, si kwa kunyata kama anayebeba mayai, kisha akifika mwendo wa kilomita 45 hivi ainue mguu kidogo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Giaboksi huipokea ishara hiyo na kupanda, naye huurudisha mguu taratibu gia ikiwa tayari juu. Alijifunza kwa siku mbili. Pamoja na kutazama mbali na kuinua mguu mapema anapoona magari yamesimama, wastani ulifika kilomita 10.9 kwa lita, ukabaki hapo.

Kwa kilomita 1,500 za mwezi, tofauti kati ya 8.4 na 10.9 ni takriban lita 41. Bei hubadilika kila mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza, ndiyo maana tulihesabu kwa lita. Lakini lita moja ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 123,000 kwa mwezi. Mpango wa gesi hajaufuta, ila sasa anasema ataufikiria akishajua gharama za mwaka mzima.

Desemba alilipeleka gari Iringa kwa ajili ya harusi, na kabla ya kuondoka aliniuliza kama sasa ni marufuku kabisa kugusa kitufe kile. Nilimjibu kwamba mlima wa Kitonga ndiko kitufe hicho kilikotengenezewa. Wakati wa kupanda, gia ya nne huingia, injini inashindwa, inarudi ya tatu, kisha inajaribu tena ya nne. Kupanda na kushuka huko kwa gia huchemsha oili na hakubani mafuta, kwa hiyo ni bora taa iwake mpaka mlima uishe. Wakati wa kurudi, alipokuwa anashuka nyuma ya malori, aliweka 2 na kuinua mguu, mita ya mizunguko ikapanda, nozeli zikafungwa, na injini ikalishikilia gari bila petroli na bila breki kunuka. Alinipigia simu alipofika Mikumi kunieleza kwamba ameizima taa tangu chini ya mlima, na kwamba mshale wa joto uko palepale chini kidogo ya katikati.